Majani ya chini ya tumbaku: kuyatoa au kuyaacha?

*Nafanya kazi Likoni, lakini nyumbani Kuria tuna ekari mbili za tumbaku. Majirani wanatupa majani manne ya chini ya kila mche. Kuna faida? (Baba, Likoni)*

Ndugu yangu, inategemea bei ya majani hayo. Jani la chini ni jembamba, mvua imelirushia udongo, na hata likishakauka ukilikung'uta mezani linaacha mchanga. Wanunuzi hulipa kidogo, ilhali limetundikwa kwa mikono ile ile na limekula kuni zile zile za bani (banda la kukaushia tumbaku) kama jani la katikati. Ukilitoa unaokoa kuni, vibarua na nafasi ya bani, na mzigo unaobaki unakuwa safi.

Lakini kilo zitapungua, usidanganywe. Yaliyobaki hunenepa kidogo, hayafidii yote. Toa risiti za msimu uliopita, uangalie majani ya chini yalileta shilingi ngapi, kisha uondoe kuni na vibarua. Kikibaki chochote cha maana, yaache. Na kama shamba limechoka na miche ni dhaifu, usiguse jani hata moja.

*Yatolewe lini? (yeye huyo)*

Mara moja tu, mnapokata maua. Mche mchanga ukiuvua majani unadumaa. Mkiwa mlitia naitrojeni nyingi, jihadharini: majani yakiwa machache mbolea yote inaishia kwao, yanabaki kijani na kuchelewa kuiva. Machipukizi yaondoeni kila yanapotokea, maana yanakula uzito wa majani.

Nakusihi jambo moja. Msiingie shambani majani yakiwa na umande. Nikotini hupenya ngozini kupitia maji hayo, mtu akapata kizunguzungu na kutapika. Watoto wasiguse kabisa, hata siku ya kazi nyingi.

*Fundi wa makuti anataka kukata makuti mabichi ya minazi yangu, analipa vizuri. Nimruhusu? (Mama, Kisauni)*

Mkatalie, mama. Mnazi uliokomaa hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti ndimo karara, ala la maua yatakayozaa nazi, inamotokea. Kuti bichi likikatwa, mti unakosa chakula na kole la nazi linakosa pa kuegemea. Simama chini ya mnazi uangalie juu: makuti yaliyoinama na kugeuka kahawia, hayo mpe.