Rekodi ya jinai Kenya: fuata faili mahakamani, usitosheke na cheti cha polisi

Vijana wengi hapa Mombasa huanza kusikia habari za rekodi ya jinai siku wanapotafuta kazi. Wakala wa kazi za Qatar au Saudia anataka cheti cha maadili mema, yaani kile cha polisi, kampuni ya ulinzi inakitaka, na serikali nayo inakitaka pamoja na vile vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya masomo), EACC (kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi za madeni). Mtu anaomba, analipa, anasubiri, kisha cheti kinatoka na kesi ya zamani ndani yake. Hapo ndipo nyumba nzima inahangaika.

Nimeyapitia hayo na mpwa wangu, na tangu hapo watu wa mtaani huja kuniuliza wafanyeje. Ninalowaambia ni hili: cheti cha polisi kinaonyesha kile ambacho polisi wanacho kwenye kumbukumbu zao. Kesi iliishaje, jibu limo ndani ya faili ya mahakama, na faili hiyo una haki ya kuiomba.

Mpwa wangu alikamatwa kwenye msako pamoja na wenzake, akashtakiwa, kesi ikasikizwa hadi mwisho na hakimu akamwachilia huru chini ya kifungu cha 215 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile Sura ya 75. Alishinda kesi. Miaka ikapita, akapata kazi ya nje, cheti kikatoka kama kwamba shtaka bado linamngoja. Alama za vidole alizochukuliwa wakati wa kushtakiwa zilikuwa zimefika kwenye kumbukumbu za polisi; habari ya kuachiliwa kwake haikuzifuata. Jambo hili huwapata watu wengi kuliko inavyodhaniwa, na linaniuma kwa sababu anayeumia ni yule ambaye korti imeshasema hana hatia.

Cheti chenyewe hakina utata mkubwa. Ombi hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, na ada tuliyolipa ni shilingi 1,050 kwa M-Pesa. Ukishalipa unachapisha risiti na fomu ya C24, ile ya alama za vidole. Mwambie mwenye saiba, duka la intaneti, mapema kwamba fomu hiyo huchapishwa mbele na nyuma ya karatasi moja. Kisha unabeba kitambulisho chako halisi na kwenda kuchukuliwa alama kwenye Huduma Centre. Kwa Mombasa ni pale Posta, Digo Road. Nairobi wengi huenda makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Aliye nje ya nchi anaweza kuuliza ubalozi wa Kenya wa huko aliko jinsi ya kuchukuliwa alama na kuituma fomu nyumbani.

Kwenye alama za vidole ndipo watu hupoteza muda. Kila kidole hupakwa wino na kuviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili, halafu vidole vinne vya kila mkono hukandamizwa pamoja chini ya fomu. Afande akikwambia ulegeze mkono, ulegeze kabisa, umwachie auzungushe mwenyewe. Ukijaribu kumsaidia wino unatambaa na alama inaharibika. Mafundi wa mawe, wachanganya simiti na madobi wana taabu zaidi kwa sababu mistari ya vidole vyao imelika. Hao huwashauri wapumzishe mikono siku kadhaa ikiwezekana, wapake mafuta usiku, na siku yenyewe waende na mikono safi, mikavu. Alama zisizosomeka hurudishwa, na safari inaanza upya.

Sasa tuje mahakamani, maana hapa ndipo penye kazi.

Kitu cha kwanza utakachoulizwa masjala ni namba ya kesi. Ukiwa na karatasi yoyote ya zamani, iwe risiti ya dhamana, risiti ya faini au hati ya mashtaka, namba iko hapo. Kesi za miaka ya karibuni utaona namba ina herufi E mbele; hizo zimesajiliwa kwa njia ya mtandao, mfumo ulioanza Nairobi Julai 2020. Za kabla ya hapo nyingi zimo kwenye madaftari.

Kama huna namba, usikate tamaa. Katiba, Ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimekwisha wakati korti imefungwa. Kwa hiyo ukijua kituo alichopelekwa mtu na tarehe aliyokamatwa, unajua pia ni mahakama gani na ni siku zipi chache za kutafuta. Kituoni nako kuna kitabu cha matukio, na kukamatwa kwake kulipewa namba ya OB. Ombeni namba hiyo kwa upole na kwa maandishi. Faili ya upelelezi yenyewe msitarajie kuonyeshwa.

Halafu kuna suala la majina, na sisi watu wa Pwani tulitilie maanani. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mahamud: afisa aliyeandika hati ya mashtaka aliandika alivyosikia. Jina la mpwa wangu lilikuwa limeandikwa kwa namna ambayo hakuna mtu ukoo mzima anayeiandika hivyo. Karani alifungua daftari kubwa lenye mgongo uliochanika, akashuka na kidole kwenye safu ya majina, akasema hayumo. Tukamwomba asome kwa tarehe badala ya jina, na hapo akapatikana, pamoja na wale wenzake aliokamatwa nao. Kwa hiyo nendeni na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la baba, na namna zote ambazo mtu mwingine angeweza kuliandika. Jina la mshtakiwa mwenza pia husaidia sana.

Watu huniuliza kama hawawezi kutafuta tu kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuteni, ni bure. Lakini hukumu nyingi zilizomo ni za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Kesi za kawaida za mahakimu, ambazo ndizo zinazowagusa watu wengi, nyingi hazimo. Jina kukosekana pale si ushahidi kwamba hapakuwa na kesi.

Faili ikipatikana, omba nakala zilizothibitishwa za vitu vitatu: hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, na hukumu au amri ya mwisho. Hukumu, kwa kifungu cha 170 cha Sura ya 75, mshtakiwa hupewa nakala bila malipo akiiomba. Mwenendo mzima ni haki yako vilevile chini ya Ibara ya 50(5) ya Katiba, ila kesi ikishakwisha unalipia ada iliyowekwa. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Pembeni mwa korti hukosi mtu wa kukwambia atakutolea faili leo hii kwa kiasi fulani, mpite. Faili ya zamani huwa imeshapelekwa stoo na huhitaji muda kuletwa, na huyo mtu hana njia ya mkato ambayo karani hana.

Kabla hujaondoka dirishani, kagua. Mhuri na sahihi vionekane, namba ya kesi isomeke, jina liwe lile lile tangu hati ya mashtaka hadi hukumu. Kisha tafuta sentensi ya mwisho ya hakimu, kwa sababu kifungu alichokitaja hapo ndicho kinachoamua hali yako. Kifungu cha 215 ni kuachiliwa huru baada ya kesi kusikizwa. Cha 210 ni kuachiliwa kwa sababu upande wa mashtaka haukufikisha ushahidi wa kutosha wa kumtaka mshtakiwa ajitetee. Cha 202, mlalamishi hakutokea kortini. Lakini 87(a) ni habari nyingine: kesi imeondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, na sheria inaruhusu ashtakiwe tena kwa kosa lile lile. Kuna watu wengi wanaotembea wakidhani wameshinda kesi kumbe iliondolewa tu chini ya kifungu hiki. Ni vizuri kujua mapema, umuulize wakili kabla hujaandika barua yoyote.

Na wale waliokubali kosa wakalipa faini, mjue kwamba mlitiwa hatiani. Kijana aliyekamatwa na kanjo, askari wa kaunti, kwa kuuza barabarani anakubali shtaka ili arudi nyumbani jioni hiyo, na hakuna anayemweleza kwamba mahakama imeandika kosa dhidi yake. Ningependa kila mzazi amwambie mwanawe hivyo kabla hajasimama kizimbani.

Ukishapata nakala zako, waandikie DCI, kitengo cha kumbukumbu za jinai, kuomba marekebisho. Barua isiwe ndefu. Sisi tuliandika hivi: "Mimi, mwenye kitambulisho namba fulani, nilishtakiwa katika kesi ya jinai namba fulani mbele ya mahakama fulani. Niliachiliwa huru tarehe fulani chini ya kifungu cha 215. Cheti changu cha maadili mema bado kinaonyesha kesi hiyo. Kwa mujibu wa Ibara ya 35(2) ya Katiba, naomba kumbukumbu hiyo irekebishwe. Nimeambatisha hukumu iliyothibitishwa na mahakama, nakala ya kitambulisho na nakala ya cheti." Ibara hiyo inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Peleka nakala mbili, moja wapokee, ya pili wagonge mhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Mpwa wangu alisafiri, baada ya mwajiri kukubali kumngoja kwa kuonyeshwa ile hukumu yenye mhuri wakati cheti kipya bado hakijatoka.

Kuna pia wanaotaka kujua rekodi ya mtu mwingine: dada wa kazi, dereva, mchumba wa binti. Cheti cha maadili mema hutoka kwa vidole vya mwenyewe, kwa hiyo mwambie akiombe yeye, na kama wewe ndiye unayemwajiri, mlipie ada. Kesi husikizwa hadharani na hukumu ni ya umma, hivyo ukiwa na namba unaweza kuuliza masjala na kueleza sababu yako. Kesi za watoto na majina ya waathiriwa wa makosa ya ngono hulindwa, na ni haki zilindwe. Atakayekuuzia "rekodi ya polisi" ya mtu kwa WhatsApp anafanya biashara haramu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mnunuzi.

Ofisi ikikaa kimya, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, basi asikurudishe mtu kwa sababu ya lugha. Wana siku 21 za kukujibu, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakiomba nyongeza ni mara moja tu, isiyozidi siku 14. Ukikataliwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ya Ombudsman, pamoja na ile nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.