Re: Sibiloi kutoka Marsabit na gari moja: mafuta, na visukuku viko wapi?

Salamu mkuu. Umeuliza kama tangi moja la Prado litawafikisha Koobi Fora, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi kando ya Ziwa Turkana, na kurudi Marsabit. Halitoshi. Jaza Marsabit, kisha piga hesabu ya kwenda, kurudi na mizunguko ya ndani, uongeze theluthi, maana mchangani gari linakunywa. Beba jerikeni za chuma. Za plastiki huvimba kwa joto na kuvuja kifunikoni.

Kabla ya yote ulizia kijijini Kalacha kama jangwa la Chalbi limenyeshewa. Juu huonekana pamekauka, chini ni tope, na gari moja halina wa kulivuta. Kwenye luga (mto mkavu wa mchanga) shusha upepo wa tairi hadi psi 18 hivi. Pampu ya kurudishia ni lazima, pamoja na spea mbili. Maji ya kunywa lita 6 kwa mtu kwa siku. Ya Ziwa Turkana yana magadi, na mamba wapo.

Visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) vya kobe mkubwa, mamba na tembo vimeachwa palepale vilipochimbuliwa, chini ya vibanda. Nendeni na mwongozo, asubuhi. Msiokote hata kipande: sheria inakataza, na kikishahamishwa hakuna atakayejua kilitoka tabaka gani la ardhi. Fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470, lililopatikana mwaka 1972, msilitafute huko, liko Nairobi.