Chupa ya chango iweke kabatini: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza masikio yangu yalikuwa kwa mjukuu wangu anayelia nyuma yako, nikaridhika, kwa sababu kilio kile ni cha mtoto mwenye nguvu zake. Mara ya pili ndipo nilipokusikia wewe. Mtoto ana wiki saba. Mama mwenye nyumba anataka umpe maji, eti joto la Dodoma ni kavu. Jirani wa mlango wa pili kakuletea dawa ya chango, eti ya kukata msokoto wa tumbo, kwenye chupa ya soda. Wifi yako kapiga simu toka Singida, kasema mtoto anayelia hivyo ana njaa, aanzishiwe uji. Na nesi kakwambia asionje kitu ila ziwa lako mpaka atimize miezi sita. Ukamalizia, "Mama, nimsikilize nani?"

Nimeona nikuandikie. Kwa simu baba yako atadakia, na wewe ukisikia sauti yangu utaanza kulia, halafu hatutafika popote.

Kwa kinachoingia mdomoni, msikilize nesi. Hilo halina mjadala. Maziwa yako sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo akiona kiu mnyonyeshe. Tumbo lake lenyewe dogo. Ukishalijaza maji, maziwa yakae wapi? Na ukitaka kujua kama anashiba, usipime kwa kilio, pima kwa nepi. Akilowesha sita au zaidi kwa siku, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda, huyo ameshiba. Kilio cha jioni kinawashika watoto wengi, kinapanda mpaka wiki ya sita hivi, halafu kinashuka chenyewe, na akifika miezi mitatu au minne utakuwa umekisahau. Wewe ulikuwa unaanza na adhana ya magharibi na kunyamaza saa tatu. Baba yako alikuwa anakuita muadhini.

Ila najua swali lako si la maji. Ungekuwa na shaka na maji ungemwuliza nesi ukamaliza. Unachoniuliza ni namna ya kumwambia hapana mtu ambaye kesho utamwachia mtoto ukakimbilie sokoni.

Unaikumbuka nyumba ya Magomeni? Vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, bomba linalotoa maji likipenda. Kaka yako alipozaliwa, bibi yako yuko Muheza na simu hatuna. Kumwogesha mtoto kwenye karai bila maji kumwingia masikioni, kumfunga mbeleko, kumcheulisha akishanyonya, vyote nilifundishwa na wanawake wa ua ule. Walinikanda, walinipikia uji wa pilipili manga, walinifulia. Aliyekuwa mbele kwa yote ni yule mama wa chumba cha tatu. Unamjua, sina haja ya kumtaja.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimekuficha. Mwaka 1996 kaka yako akiwa na miezi saba aliharisha siku nne, na homa juu. Mama wa chumba cha tatu akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi, akasema, "Huyu ana meno ya plastiki." Miaka ile maneno hayo yalikuwa kila kona: kuna meno meupe, laini, yanajificha ndani ya ufizi, yasipotolewa mtoto anakufa. Nilikuwa na miaka 22, sijalala siku nne. Akanishika mkono tukaenda kwa mtaalamu mmoja mtaa wa pili. Alikuwa na kitu mfano wa spoku ya baiskeli, kimenolewa ncha. Jirani akashika kichwa, mimi nikashika miguu. Akatoa vitu vyeupe kama punje za mchele, akanionyesha kwenye kiganja, nikamlipa na kumshukuru.

Zilikuwa chonge zake, mwanangu. Chonge za utoto ambazo hazijaota, ndiyo maana zilikuwa laini. Kuharisha hakukukoma. Kulikoma baada ya kumpeleka kliniki kesho yake, wakamnywesha maji yenye chumvi na sukari na kumtibu kidonda cha mdomoni. Ule mwanya wa chini kushoto alio nao kaka yako hadi leo, ulipokuwa mdogo uliniuliza nikakujibu alianguka. Hakuanguka. Nilimshika miguu mimi.

Miezi miwili sikusalimiana vizuri na yule mama. Nilijiapiza kuhama. Hatukuhama, kodi haikuturuhusu.

Halafu ikaja masika ya 2000, wewe una miaka miwili. Saa tisa usiku mwili unawaka, mara macho yakageuka, mikono ikakakamaa, ukaanza kutetemeka. Degedege. Baba yako yuko safarini. Nilipiga ukelele, vyumba vyote vikafunguka. Bibi mwenye nyumba akaagiza wakufukize mavi ya tembo, na akasema kwa sauti kubwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, asipelekwe hospitali. Watu wakanyamaza, maana ndiye mkubwa pale. Aliyemjibu ni mama wa chumba cha tatu. Alisema, "Bibi, niwie radhi. Wangu nilimfukiza." Hakuongeza neno. Akakuchukua mikononi mwangu, akamwamsha mumewe aliyekuwa dereva wa daladala, na gari alilaza pale nje. Tulikwenda hospitali ndani ya daladala tupu, wewe umelazwa ubavu kwenye siti ya nyuma, yeye amekushikilia usianguke, ananikataza nisikutie kijiko mdomoni. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Walikutundikia dripu ya kwinini. Siku ya tatu uliomba mkate.

Mwanamke ni yule yule, ndiyo maana siwezi kukuambia jirani wa namna gani umsikilize na wa namna gani umkwepe. Kilichonisaidia tangu hapo ni kutazama jambo linakwenda wapi mwilini. Linaloingia mdomoni, machoni au puani, au linalochanja, kukata na kung'oa, hapana, hata akilileta mama yako mzazi. Siku moja mtoto atakohoa, watakuambia kimeo kimeshuka kikakatwe. Hapana. Kumwogesha, kumbeba, kumkanda miguu taratibu, kumwimbia, kukaa naye wakati wewe unalala, hayo wape wayafanye, tena uwashukuru kwa moyo. Uzi mweusi wa jicho la husuda, kama wanautaka sana, wafunge mkononi na usikaze. Shingoni hapana, mtoto analala nao.

Na namna ya kusema hapana: wasingizie kliniki. Usimbishie mtu mzima kwa kumwambia hajui, atanuna na utakuwa umekosa adabu. Mwambie, "Mama, natamani, lakini yule nesi ni mkali, kila mwezi ananihoji na anaandika kwenye kadi." Nesi ameumbwa kubeba lawama, hatajali. Chupa ya chango ipokee kwa mikono miwili, sema ahsante, iweke juu ya kabati. Mimi mbele yenu wanangu nimekuwa nikihubiri ukweli, lakini uongo huu nauruhusu. Hujui ndani kuna mizizi gani na kali kiasi gani, na maini ya mtoto wa wiki saba hayana nguvu ya kujaribiwa.

Jambo moja halisubiri ushauri wa mtu yeyote. Kwa umri wake huu, mwili ukichemka, au akikataa ziwa, au akilegea, au pumzi ikienda mbio na mbavu zikibonyea, ni hospitali saa hiyo hiyo, si asubuhi. Weka akiba ya nauli ya bajaji kwenye kadi yake ya kliniki, usiiguse hata kwa mkaa. Chanjo ya wiki ya sita umeniambia amepata. Kuna wiki ya 10, ya 14, na surua na rubela akifika miezi tisa, halafu miezi 18. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau kwa kuwa mtoto anakuwa anakimbia.

Wifi yako akija kugusia kubemenda, kwamba mtoto atadhoofu kwa sababu ya mambo ya baba na mama yake, usigombane. Pale Magomeni mwanamke wa chumba cha tano mtoto wake alikonda miguu, nywele zikapauka, uso ukavimba. Ua mzima ukanong'ona kabemendwa. Mama wa watu akaona aibu kwenda kupimisha uzito mbele za watu, akaacha kliniki kabisa. Kumbe alishika mimba nyingine mapema, akamwachisha ziwa mtoto akiwa na miezi minane, anamlisha uji wa sembe mtupu, asubuhi na jioni. Ni utapiamlo ule. Neno moja la uani lilitaka kumuua mtoto kwa aibu ya mama yake. Hayo mengine ya chumbani si ya mama kumwandikia mwanawe, mpigie shangazi yako. Langu ni hili: ukienda kliniki, pita na dirisha la uzazi wa mpango.

Umegusia pia kazi. Siku 84 za likizo zinakwisha kabla hujazoea kuamka. Mwajiri wako mkumbushe mapema, kwa barua, kwamba sheria ya kazi ya 2004 inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku, ukishindwa kurudi nyumbani utumie kukamua. Maziwa uliyokamua weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji usiyaache zaidi ya saa nne. Ayanywe kwa kikombe kidogo, kikombe kinaoshwa vizuri kuliko chuchu ya chupa. Anza kumzoesha wiki mbili kabla.

Na mtoto umwachie nani? Umesema dada wa kazi atatoka Kondoa, ana miaka 19. Sawa, lakini wiki ya kwanza asikae peke yake. Mwombe huyo huyo mama mwenye nyumba wa maji awe anatupa jicho. Usishangae. Amelea sita, yuko nyumbani mchana kutwa, na moyo wake uko kwa mtoto wako, la sivyo asingehangaika na kiu yake. Mpeleke kliniki siku ya wiki ya 10, mwambie unaomba akusindikize kumbeba. Akae kwenye benchi, amsikie nesi kwa masikio yake. Akirudi atakuwa anawafundisha wengine, na utashangaa atakavyowakemea watakaoleta maji.

Uji tutauzungumza akikaribia miezi sita, ila nikuwahi kidogo kwa sababu huko kwenu karanga ni nyingi. Mtu atakuletea unga wa lishe wenye nafaka kumi, kasaga mwenyewe. Watoto hawahitaji gwaride la nafaka. Nafaka moja na karanga kidogo au kunde vinatosha, ukichanganya na yai, dagaa na mboga zake. Cha kuogopa ni ukungu. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumukuvu hapo Dodoma na Manyara, na sumu ile hukaa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Chagua punje mwenyewe, iliyooza, iliyosinyaa au kubadilika rangi tupa, usiwape hata kuku. Kisha saga unga wa wiki mbili tu. Na uwe uji mzito, ukiinamisha kijiko usitiririke.

Kwenye basi la kesho asubuhi nimekutumia furushi. Kuna khanga doti mbili, moja ya mbeleko na moja yako, nazi tano, na vitambaa vya nepi nilivyokata kwenye shuka la zamani, laini kuliko vya dukani. Mguu wa baba yako ukipata nafuu nitakuja mwezi mzima, si zile siku kumi.

Yule mama wa chumba cha tatu siku hizi anaishi Mbagala kwa mwanawe, macho yamepungua. Nilimpelekea picha ya mtoto, akaisogeza karibu na uso, akasema kachukua paji lako la siku ile kwenye daladala. Akaingia ndani akatoka na kichupa, dawa ya chango, akaniambia nikuwekee kwenye furushi. Nimekipokea kwa mikono miwili. Kiko juu ya kabati.

Mama yako