Kofia ya afisa wa Kiingereza: igeuze ndani kabla ya kutazama nembo

Ndugu yangu, umeuliza kama kofia ya kaki uliyoonyeshwa huko Birmingham, ambayo muuzaji anasema ilivaliwa na kapteni mwaka 1916, ni ya kweli, nawe umeweka picha za nembo peke yake. Nimekusanya kofia hizi kwa miaka mingi hapa London, na nakusihi usitoe pesa kabla ya kuigeuza na kuitazama ndani, kwa sababu nembo ndiyo hubadilishwa kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote, na za kughushi zimejaa masokoni.

Askari wa kawaida alipewa kofia na serikali, na mara nyingi ndani yake hukutwa mhuri wa mshale mpana, ambao ni alama ya mali ya jeshi. Afisa alijinunulia sare dukani, kwa hiyo bitana ya kofia yake kwa kawaida hubeba jina la fundi, kama vile Herbert Johnson wa New Bond Street, au Hawkes & Co. wa Savile Row. Jina hilo lisome kwa makini sana. Hawkes aliungana na fundi mwingine, Gieves, mwaka 1974 tu, hivyo kofia yenye majina hayo mawili pamoja haiwezi kuwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hata muuzaji akila kiapo. Kisha inua taratibu mkanda wa ngozi unaokaa kwenye paji la uso: ngozi iliyovaliwa huwa imekunywa jasho na kuiva rangi, hasa upande wa mbele, na nyuma yake ndipo unapoweza kukuta herufi za jina la mwenyewe zilizoandikwa kwa wino.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye nembo. Kwenye kofia ya kaki, nembo ya afisa kwa kawaida ilikuwa ya shaba nyeusi isiyong'aa. Iondoe, kama muuzaji ataridhia, uangalie kitambaa cha sufu kilichokuwa chini yake. Nembo iliyokaa hapo miongo mingi huacha kivuli cha umbo lake, rangi ikiwa imekolea kuliko pembeni. Ukiona kivuli cha umbo jingine, au matundu yasiyolingana na vishikizo vyake, ujue imehamishiwa hapo.

Taji lililo kwenye nembo nalo husaidia kukadiria umri. Tangu utawala wa Edward VII hadi George VI, aliyefariki mwaka 1952, matao ya taji yalipanda kwa mviringo. Enzi za Elizabeth II yalibonyea katikati. Lakini Charles III amerudisha taji linalofanana na lile la zamani, kwa hiyo taji la mviringo peke yake halitoshi tena kuthibitisha ukongwe.

Kuhusu mstari mwekundu unaozunguka kofia za majenerali na kuzifanya ziwe ghali, nimeona kofia za maafisa wa kawaida zilizoshonewa mstari mpya ili zipandishwe cheo na bei. Uzi mpya juu ya sufu iliyochakaa huonekana ukiukagua kwa kioo cha kukuzia.

Mwombe muuzaji picha za bitana, mkanda wa ngozi na nyuma ya nembo, kisha uziweke hapa tuzikague pamoja. Akikataa kuzipiga, achana na kofia hiyo.