Usalama anausema mgeni

*Shikamoo shangazi. Mimi ni wa Kigoma, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake hapa Winnipeg, Kanada. Kuna mama Mkrii, wa moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, aliyemkimbia mume wake. Nikishika kalamu kujaza fomu, ananyamaza. Nimemkosea nini?*

Marahaba mwanangu. Anaogopa kalamu. Watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada walipelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wengi kwa nguvu. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Na hayajaisha: sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliowekwa kwenye malezi ya kambo, mbali na wazazi wao, ni wa jamii hizo, ilhali watoto wa jamii hizo hawafiki asilimia 8 ya watoto wote nchini. Sasa wewe, saa nane usiku, unaanza kwa kumuuliza majina ya wanawe! Mpe chai na ufunguo wa chumba kwanza. Kisha mweleze fomu inasomwa na nani, na ni mambo gani sheria inakulazimu kuyaripoti. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza.

*Juzi aliwasha majani chumbani, king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Nimkataze?*

Sisi tuliokulia kwenye ubani tutashangaa nini? Ila usimwambie "hata sisi tuna udi". Kwake majani ya seji na ile nyasi yenye harufu tamu ni dawa; moshi anauvuta kwa viganja, anajipaka kichwani, machoni, kifuani. Mwombe meneja atenge chumba chenye feni ya kutoa moshi. Mahali fulani nimekuta kifaa cha moshi kimevalishwa kofia ya kuogea. Msifanye hivyo.

*Kwa nini asirudi kwao?*

Huenda kwao ndiko kwao mume pia. Vijiji kadhaa vya kaskazini mwa Manitoba, jimbo lenu hilo, hufikiwa kwa ndege tu, au barabara ya barafu msimu wa baridi. Nyumba ni chache, na mlango wa pili ni wa mashemeji. Aamue mwenyewe.

*Nimepata cheti cha kozi ya siku moja ya usalama wa kitamaduni, yaani kumhudumia mtu bila kumdhalilisha kwa asili au mila zake. Kinatosha?*

Neno hilo lilienezwa na Irihapeti Ramsden, muuguzi Mmaori wa New Zealand, naye alishikilia kwamba anayehudumiwa ndiye husema kama huduma ilikuwa salama. Muulize yule mama. Akijibu hapana, usimtolee cheti.