Mama yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, sasa choo kimekuwa cheusi

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, mama yangu yuko Ukerewe. Alipata bonge la damu mguuni akaanzishiwa wafarini, akawa anaendelea vizuri tu, ila wiki iliyopita jino likamuuma akaenda duka la dawa wakampa Flagyl na diklofenaki. Sasa akipiga mswaki fizi zinatoka damu, mapajani amevilia damu na hajajigonga popote, jana kaniambia choo cheusi kama lami. Jirani anasema ni chakula tu. Nisubiri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri hata kidogo. Choo cheusi kinachonata, kwa mtu wa wafarini, tunakihesabu ni damu inavuja tumboni mpaka vipimo vikatae. Piga simu sasa hivi, apelekwe hospitali ya wilaya pale Nansio, msingoje feri ya asubuhi eti mumlete hospitali ya Bugando huku Mwanza, hao wa Nansio wakishamwona ndo watasema kama aje huku. Abebe dawa zote, hata zile za kwenye kibahasha. Wafarini ya leo asimeze kwanza mpaka aonwe, na diklofenaki basi kabisa.

Ilivyokuwa ni hivi, Flagyl inazuia ini kuivunja wafarini kwa hiyo dozi ileile aliyoizoea inageuka kali, halafu diklofenaki nayo inachubua tumbo na kuzifanya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba kidonda, zisishikane, yaani hapo kavujishwa kotekote. Watampima INR, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa mgonjwa wa bonge la damu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, ikiwa juu sana atapewa vitamini K ya kupunguza nguvu ya wafarini na pengine kuongezewa damu. Akianza kuumwa kichwa kikali ghafla, kutapika au ulimi kuwa mzito, hiyo inaweza kuwa ni damu kichwani, waambieni hapohapo.

Ila msije mkaitupa wafarini kwa hasira, bonge la mguuni likipanda mapafuni linaua, daktari ndo atapanga airudie lini na kwa dozi gani. Inaniuma sana maana duka la dawa wangemuuliza tu "mama, unatumia dawa gani nyingine?" haya yasingefika hapa. Septrin nayo ukiichanganya na wafarini ni hatari hivyohivyo, aspirini pia. Mboga za majani kama kisamvu na matembele zina vitamini K hiyohiyo, ale, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, asizifakamie leo kesho akaziacha.

Na jino bado lipo, kwa hiyo kabla ya kung'oa daktari wa meno aambiwe habari ya wafarini na INR icheckiwe kwanza.