Kitabu cha Kells: mswada, hati au msahafu?

Mwalimu mmoja wa historia wa Morogoro anaandaa somo la sanaa ya Ulaya ya mwanzo wa Zama za Kati. Ametuletea sentensi hii: "Kitabu cha Kells ni mswada wa karatasi 340 ulioandikwa na mapadri wa Ayalandi miaka ya 800 na kupambwa kwa michoro ya dhahabu." Anauliza kama "mswada" inafaa, au aseme "hati" au "msahafu", na kama "nakshi" si bora kuliko "michoro".

Mwalimu, "mswada" si kosa. Wanaotafiti tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hulitumia neno hilo kila siku. Shida ni mwanafunzi wako: kwake mswada ni kazi ambayo bado haijachapwa, au sheria inayosubiri Bunge. Atadhani kitabu kiliishia njiani. (Kweli, baadhi ya kurasa zake hazikumalizwa kupambwa, lakini hilo ni jambo jingine.) Ukisema "mswada wa kale", utata unapungua.

"Hati" nayo inanukia mahakama na viwanja. Iweke akiba kwa maana yake nyingine, ya mwandiko: hati ya Kells ni ya herufi za mviringo, pana, zinazosomeka vizuri hata leo. "Msahafu" uuache. Ukiutaja, wasikilizaji wengi wataiwaza Kurani, na hapa tuna Injili nne kwa Kilatini. Mimi ningeandika "kitabu cha Injili kilichonakiliwa kwa mkono". Ni maneno mengi, ila hayampotezi mtu.

Kuhusu nakshi, sikio lako limesikia vema. Mchoro huonyesha kitu kilivyo: ramani, au moyo kwenye daftari la bayolojia. Nakshi hukaa juu ya kitu na kukipamba, kama kwenye milango ya Unguja na Lamu. Sasa fungua ukurasa maarufu wa Chi Rho, zile herufi za Kigiriki zinazoanza jina la Kristo, pale Mathayo anapoanza kusimulia kuzaliwa kwake. Herufi ya kwanza imetanuka ikameza karibu ukurasa mzima, na ndani yake mna miviringo iliyobeba miviringo mingine, na mistari iliyosukwa hadi jicho linapoteza mwanzo wake. Hiyo ni nakshi tupu. Lakini shuka chini ya herufi hiyo: panya wanagombea kipande cha mkate wa duara huku paka wakiwa karibu yao, na kando kuna fisimaji aliyekamata samaki. Hizo ni picha. Kwa hiyo sema "herufi zilizonakshiwa, na picha ndogondogo kati yake". "Michoro" peke yake inaficha tofauti hiyo.

Mengine ni madogo, ila yarekebishe. "Karatasi 340" haiwezekani, kwa sababu kitabu kizima ni ngozi ya ndama. Andika "kurasa 680", maana kila jani la ngozi lina kurasa mbili. "Mapadri" wawe "wamonaki", tena huenda walianza kazi Iona, kisiwa cha Uskoti, kabla jumuiya yao haijahamia Kells, Ayalandi, kwa kuwakimbia Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia. "Ulioandikwa" humfanya mtu aulize mtunzi ni nani, hawa walinakili. Na "miaka ya 800" kwa wengi ni karne nzima ya 9, ilhali wataalamu husema "karibu na mwaka 800". Wala usiandike "karne ya 8", kwa kuwa karne hiyo inaishia mwaka 800 wenyewe.

Dhahabu ndiyo itakayokuletea ubishi. Hakuna dhahabu kwenye kurasa za Kells. Manjano inayong'aa pale ilitokana na madini ya aseniki yaliyosagwa. Ukitaka neno hilo libaki, lihamishie kwenye jalada: Tarehe za Ulster, kumbukumbu za kale za matukio ya Ayalandi, zinasimulia kwamba mwaka 1007 Injili Kuu ya Colum Cille, mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Iona, ambayo wengi wanaiona kuwa ndiyo kitabu hiki, iliibwa kanisani Kells, ikaja kupatikana baada ya miezi miwili na siku ishirini imefukiwa chini ya majani na udongo, dhahabu yake imeshang'olewa.